Kiti Chako Kinakusengenya

Kiti kikiletwa kwangu, jambo la kwanza ni kukipindua miguu juu. Sikikalii, sikijaribu. Nakilaza kifudifudi juu ya meza, nawasha tochi, na baada ya dakika mbili nimeshajua mambo ya mwenyewe ambayo pengine hata walio nyumbani kwake hawayajui. Najua kama anapenda kuegemea nyuma au anakaa ukingoni kama mgeni. Najua anainukia mkono gani. Na kuliko yote najua anageukia upande upi, maana kiti cha ofisini hakina siri: upande unaogeukiwa ndiko boliti zinakolegea, ndiko pedi ya kuwekea mkono inakopasuka ukingo wa nje, ndiko kitambaa cha egemeo kinakolika kwa mshazari.

Nina miaka 14 katika kazi hii. Nilianza na masofa, nikahamia viti vya ofisini kwa sababu sofa huharibika polepole kama ukuta, na kiti cha ofisini huharibika kama kiatu. Kwa miaka yote hiyo watu wanaokuja kuniomba ushauri wa kununua kiti hubonyeza sponji, huuliza kama egemeo linalala, huuliza kinabeba kilo ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza: nikigeuka kuchukua kitu, kiti hiki kitanifuata au kitanikatalia?

Aliyenifanya nianze kulifikiria swali hilo ni dada mmoja mhasibu. Aliniletea kiti kilekile mara tatu, na ugonjwa ulikuwa uleule, mkono wa kushoto unacheza. Mara ya kwanza nikakaza boliti zake tatu nikamrudishia. Mara ya pili nikazipaka ile gundi ya buluu ya kuzuia nyuzi za boliti zisifunguke, nikajiona nimemaliza. Mara ya tatu gundi ilikuwa imeshika vizuri sana. Kilichoachia ni ubao. Nati zenye meno zilizopigiliwa ndani ya mbao ya kikalio zilikuwa zimeng'oka pamoja na unga wa mbao, na matundu yamepanuka hadi kidole kidogo kinaingia.

"Fundi," akaniambia, "au mkono huu umelogwa?"

"Haujalogwa, dada. Unafanya kazi ambayo haukuumbiwa. Niruhusu nije nikuone unavyokaa."

Alicheka, lakini akaniruhusu. Siku ya pili nikapewa kigoda pembeni ya ofisi yao nikakaa kama mtu anayesubiri risiti.

Mbele yake zilikuwepo skrini mbili. Kabati la mafaili lilikuwa kushoto, nyuma kidogo ya bega lake. Kila baada ya muda mfupi alihitaji faili, na kila alipolihitaji alifanya vilevile: mkono wa kushoto unakamata ule mkono wa kiti, anajivuta kwa nguvu, kifua kinageuka, shingo inamalizia safari, mkono wa kulia unakatisha mbele ya kifua hadi kwenye droo. Magoti yake muda wote yanatazama skrini. Kiti nacho kinatazama skrini. Nilianza kuhesabu, nikaacha nilipofika 30, na katika hizo 30 kiti chenyewe kilizunguka mara tatu au nne tu. Kiti cha kuzunguka! Kimetengenezwa, kimeuzwa na kimenunuliwa kwa jina hilo, na hakizunguki.

Nikamwomba ageuke polepole nitazame. Alipoanza kwenda kushoto, mkono wa kulia wa kiti ukaja mbele ukagonga ukingo wa meza. Tak. Ukiwaza ni lazima iwe hivyo: kiti kikizunguka kushoto, ubavu wake wa kulia unakwenda mbele, na mikono yake ilikuwa imepandishwa hadi kimo kilekile cha meza. Nikamwambia asogee nyuma kidogo ajaribu tena. Safari hii goti la kushoto likagonga boksi la kompyuta lililosimamishwa chini ya meza. Akasogea nyuma zaidi, na sasa hakukuwa na cha kumzuia, ila kiti kilizunguka kwa kukwaruza na kusitasita, kama mlango wenye kutu. Vikwazo vitatu, na mwili wake ulikuwa umeshavijua vyote bila yeye kuvijua. Mwili hauandiki barua ya malalamiko. Unatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato hapa ilikuwa uti wa mgongo.

Sasa huo uti wa mgongo. Mimi si daktari, lakini ukitengeneza viti kwa muda mrefu unalazimika kujifunza kinachokaliwa nacho. Kugeuka hakukugawiwa sawa kwa pingili zote. Shingo ndiyo tajiri: inaweza kukipeleka kichwa karibu digrii 80 kila upande, na karibu nusu ya hizo hutoka kwenye kiungo kimoja, kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Kifua, chenye pingili 12, kinatoa kama digrii 35. Kiuno ndicho maskini. Pingili zake 5 ni kubwa na nene kuliko zote, na kila kiungo kinakupa digrii moja au mbili, basi. Vile viungo vidogo vya upande wa nyuma wa pingili za kiuno vimesimama wima na kutazamana ubavu kwa ubavu; vinakuachia uiname na uinuke upendavyo, lakini ukitaka kuzunguka, mfupa unakutana na mfupa.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, na ganda la diski limefumwa kwa tabaka za nyuzi zinazopishana. Tabaka hili limeinamia kushoto, linalofuata kulia, jingine kushoto tena. Ukijipinda, nyuzi za mwelekeo mmoja hukaza na za mwelekeo mwingine hulegea, sawa na kamba ya kusokota ambayo ukiizungusha huku inabana na ukiizungusha kule inafumuka. Kwa hiyo wakati wa kujipinda ni nusu ya nyuzi tu zinazofanya kazi ya zote. Ongeza kuinama kufikia droo ya chini. Ongeza faili nene linaloshikwa kwa ncha za vidole vya mkono mmoja. Ndiyo maana ukimuuliza mtu mgongo ulimshika akifanya nini, mara nyingi hakwambii alikuwa ananyanyua gunia. Anakwambia, "Nilikuwa naokota kalamu tu."

Mtu aliyesimama ukimwita kwa nyuma hageuzi kiuno. Anageuza nyayo, magoti yanafuata, nyonga inafuata, na uti wa mgongo unaletewa kazi iliyobaki, ambayo ni kidogo. Mtu aliyekaa amezipoteza nyayo zake. Mifupa miwili ya makalio imezama kwenye sponji kama nanga, mapaja yamelala juu ya kikalio, na deni lote la kugeuka linahamia kwa wale wa juu, kifua na shingo, na kwa yule maskini wa katikati ambaye hana cha kulipia.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kunyanyua mizigo iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991. Inaanza na kilo 23 kwa hali ambayo kila kitu kimekaa sawa. Mzigo ukiwa ubavuni, digrii 90 kutoka mbele yako, wanazidisha kwa 0.71, na unabakiwa na kilo 16 na ushei. Karibu theluthi ya uwezo imekatwa kwa kujipinda peke yake. Na hiyo ni hesabu ya mtu aliyesimama. Aliyekaa hawakumwingiza kabisa. Kanuni ile haimhusu.

Kwa hiyo kazi ya kiti cha kuzunguka, kwa maoni yangu, ni kumrudishia mtu nyayo zake. Mengine yote ni mapambo.

Hapa kuna kisa ninachokipenda. Thomas Jefferson, yule wa Azimio la Uhuru wa Marekani, mwaka 1776 huko Philadelphia alikuwa na kiti cha kuzunguka. Ni kiti cha mbao cha aina ya Windsor, kikalio juu ya kikalio, na katikati yake vigurudumu. Kipo hadi leo, kimehifadhiwa na American Philosophical Society katika mji huohuo. Mwaka 1796 alipogombea urais, mpinzani wake mmoja aliandika kumdhihaki, akasema kiti kile ni cha miujiza kwa sababu kinamwezesha mwenyewe kugeuza kichwa bila kusogeza mkia. Nilicheka sana niliposoma, kisha fundi aliye ndani yangu akakasirika. Yule bwana alikosea upande! Kugeuza kichwa bila kusogeza mkia ndiyo kazi ya kiti kisichozunguka. Kiti cha Jefferson kiligeuza mkia, na kichwa kikapata nafuu. Miaka zaidi ya 200 baadaye ofisi zimejaa viti vyenye uwezo wa kusogeza mkia, na watu waliokaa juu yake wanageuza vichwa tu.

Niwaonyeshe huo mzunguko unatoka wapi, kwa sababu wengi wanadhani ni magurudumu. Magurudumu ni ya kusafiri. Mzunguko uko ndani ya ile nguzo ya katikati ambayo kila mtu anaiita gesi. Gesi yenyewe ni naitrojeni, imefungiwa ndani ya silinda nyembamba, mara nyingi milimita 28, na silinda hiyo inapanda na kushuka ndani ya bomba la nje la milimita 50. Bomba la nje limebanwa kwenye nyota ya miguu, halizunguki. Silinda ya ndani imebanwa kwenye kikalio. Fimbo yake inashuka hadi chini kabisa ya bomba, na pale chini inakalia beringi moja bapa, gololi zilizopangwa kwa duara kati ya vikombe viwili vya chuma, kitu ambacho kwa upana hakizidi kizibo cha chupa ya maji. Uzito wako wote, wewe na kikalio na egemeo, unakaa juu ya kizibo hicho. Na kipini kidogo cha chuma ndicho kinachoizuia fimbo isichomoke.

Beringi ya dada mhasibu niliitoa nikaiweka kwenye karatasi nyeupe. Grisi ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia, na ndani yake nywele ndefu mbili zimejiviringa kama uzi kwenye kibiringo, nyuzinyuzi za zulia, na gololi moja haipo. Sijui ilikwenda wapi. Gololi za beringi zina tabia ya kuhama. Niliweka nyingine, na kwa kidole kimoja kiti kikazunguka.

Nikapunguza kimo cha mikono ya kiti hadi ipite chini ya ukingo wa meza bila kugusa. Boksi la kompyuta tukalihamishia upande wa pili. Matundu ya ubao nikayaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, nikatoboa upya, nikapigilia nati mpya. Mwisho nikachora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye kichwa cha kila boliti hadi kwenye chuma inachokibana. Boliti ikizunguka hata kidogo mstari unakatika. Ni hila ya mafundi wa injini, mimi nimeiazima.

Nikamfundisha na sheria yangu moja: kitovu na faili vitazamane. Usinyooshe mkono mpaka kitovu kimeona unachokitaka.

Baada ya wiki mbili akanipigia simu. Nilidhani ni shukrani.

"Fundi, kiti kinatangatanga."

Kumbe nilikuwa nimekilainisha kupita kiasi. Kila akiandika kwa mkono wa kulia, kiti kinajizungusha kidogo kushoto. Akibonyeza kipanya, kinarudi. Akilaza kiwiko, kinakwenda. Jioni mapaja yanamuuma kwa kazi ya kukizuia. Na alikuwa na haki. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa kudhani kwamba kilaini ndicho kizuri, tunakizungusha kiti kitupu kwa kidole, kinakwenda mizunguko sita, tunafurahi kama watoto wenye pia. Kiti kitupu hakina mtu wa kuandika. Kinachotakiwa ni kisite kwa kazi ndogo na kikubali kwa kazi kubwa: kibonyezo cha kipanya kisikisogeze, msukumo wa unyayo ukisogeze. Nilirudi na grisi nzito, ile inayonata kwenye kidole ukiigusa, nikaijaza kwenye beringi na kuzunguka kile kikola cha plastiki kinachoishika silinda. Kukatulia. Tangu hapo sitoi kiti kabla sijakikalia na kuandika sentensi tatu kwa mkono.

Nimetaja unyayo, na hapa ndipo wafupi wanapodhulumiwa. Kiti hakijizungushi chenyewe, kinazungushwa na mguu unaosukuma sakafu. Mtu ambaye visigino vyake havifiki chini hana cha kusukumia, kwa hiyo anashika meza na kujipinda. Atashusha kiti? Basi meza inamfika kifuani. Atapewa kibao cha kuwekea miguu? Kinasaidia mapaja, lakini kibao kimekaa sehemu moja. Akigeuka tu miguu inabaki hewani. Dawa ya kweli ni meza inayoshuka, na meza inayoshuka ndiyo kitu cha mwisho ambacho ofisi hukubali kununua, wakati kiti wananunua kila mara kinapovunjika.

Magurudumu nayo yana neno lake, ingawa dogo. Yapo ya rangi moja, plastiki ngumu tupu, na yapo ya rangi mbili, yaliyovishwa mpira laini sehemu inayogusa chini. La rangi moja ni la zulia, la rangi mbili ni la sakafu ngumu. Wengi wamechanganya. Gurudumu gumu kwenye vigae linateleza kabla hujakusudia, na mwenye kiti anajikaza bila kujijua ili asiondoke na meza. Mtu aliyejikaza hageuki, anajinyonga.

Na miguu mitano? Watu huniuliza kwa nini isiwe minne kama kiti cha kulia chakula. Chukua mguu wenye urefu fulani kutoka katikati. Ukiwa na minne, mstari kati ya mguu na mguu uko umbali wa asilimia 71 ya urefu huo kutoka katikati. Ukiwa na mitano unafika asilimia 81. Ukiwa na mitatu, ni 50 tu. Mstari huo ndio mpaka. Uzito wako ukiuvuka, umeanguka. Anayekaa akitazama mbele hauvuki kamwe. Anayeuvuka ni yule anayegeuka na kuegama kuchukua kitu pembeni. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alichora viti vya miguu mitatu kwa ofisi za kampuni ya Johnson huko Racine, Wisconsin, jengo lililofunguliwa mwaka 1939, na baadaye viti vile vikabidi viongezewe mguu wa nne. Kwa macho ni vizuri mno. Lakini kuegama hakuangalii uzuri.

Wazo la kiti kinachokubali mwili uende pembeni si la jana. Mwaka 1849 Mmarekani Thomas Warren alitoa kiti cha springi chini ya kikalio, kikizunguka na kuyumba kila upande, na mwaka 1851 kikaonyeshwa London kwenye Maonyesho Makubwa. Kisha dunia ikakisahau kwa muda mrefu, ikajishughulisha na kuegemea nyuma, mbele, nyuma, mbele, kana kwamba binadamu ni mlango. Mnorwei Peter Opsvik akaja na Capisco mwaka 1984, kikalio chenye umbo la tandiko la farasi na egemeo jembamba mfano wa msalaba, unaweza kukikalia ubavu au kinyumenyume na kukumbatia egemeo. Mwaka 2009 vilitoka viwili. Kimoja ni Generation cha kampuni ya Knoll, kilichobuniwa na Formway wa Nyuzilandi, ambacho sehemu ya juu ya egemeo inakunjika ukiiegemea kwa ubavu. Cha pili ni ON cha Wilkhahn, Wajerumani, na hiki ndicho kinachonigusa zaidi kwa sababu siri yake iko chini, ninakopenda kutazama: badala ya kipande kimoja kinachobeba egemeo, kina mikono miwili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja unajongea peke yake. Nyonga moja ikisonga mbele nyingine inaweza kurudi nyuma, kama mtu anayetembea akiwa amekaa.

Basi nikataka na mimi niwe mbunifu. Nilikuwa na kiti changu cha karakana, nikakata shina la egemeo, nikaweka beringi ya wima katikati ili egemeo lizunguke pamoja na kifua. Kwenye mawazo ilikuwa safi. Nikakaa, nikageuka kulia, egemeo likanifuata kwa utii. Nikaegemea. Likaendelea kwenda. Hakukuwa na kitu cha kulirudisha, na mgongo wangu ukaanza kuteleza pembeni juu yake kama mtu aliyeegemea mlango usiofungwa. Boliti ikakatika, nami nikaishia sakafuni nikiwa nimeshika bisibisi, mteja akinitazama mlangoni.

Nilichojifunza pale sakafuni ni kwamba egemeo likikubali kila kitu si egemeo tena. Linatakiwa likubali kwa kinyongo. Nikatoa beringi, nikaweka mahali pake bushi mbili za mpira, aina ile inayowekwa kwenye miguu ya magari, na boliti moja nene katikati. Sasa egemeo linajipinda kiasi cha upana wa vidole viwili kila upande, na kadiri unavyolisukuma ndivyo linavyosukuma. Ukiacha, linarudi nyumbani. Ninakikalia hadi leo. Si kizuri kwa macho, mpira mweusi unachungulia nyuma, lakini mara mbili wateja wametaka kukinunua.

Zaidi ya hapo, egemeo pana ni adui. Likivuka mabega linayafunga. Kila ukigeuka bega la nyuma linagonga. Ndiyo maana siwapendi wale wanaotaka kiti cha bosi, kirefu hadi kichwani na chenye mabawa ya ngozi. Bosi huyo hageuki, anaitiwa watu. Na sponji lililochoka ni adui mwingine ambaye haonekani: likishabonyea shimo, nyonga inakaa ndani ya bakuli, haiwezi kujiviringisha hata kidogo, kwa hiyo hata kile kijisehemu cha kugeuka ambacho kikalio kilikuwa kinakupa bure kimepotea. Nikibadilisha sponji mteja hudhani nimemfanyia starehe. Nimemfungulia nanga.

Turudi kwa yule dada. Mwezi uliopita kiti chake kililetwa na kijana wa ofisini kwao, gurudumu moja limepasuka, hakuna jingine. Nikakipindua miguu juu kama kawaida, nikawasha tochi, na kwa kweli sikutazama gurudumu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye boliti tatu za kushoto. Mistari ya rangi ya kucha ilikuwa mizima yote, imefifia kidogo tu kwa vumbi. Nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Kisha nikaizungusha tochi upande wa kulia. Mstari wa kwanza umekatika. Wa pili umekatika. Wa tatu kichwa cha boliti kimekwenda robo mzunguko.

Nikachukua simu.

"Dada, kabati la mafaili mmelihamishia kulia lini?"

Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Nani kakwambia?"